Kilo Sabini za Peter Simiyu

Mliniaga kwa keki. Miaka thelathini na mbili nimewaambia watu wapunguze sukari, nanyi watu wa lishe, mliosoma kuliko mimi, mkaona zawadi ya kufaa ni keki ya krimu ya waridi yenye jina langu lililoandikwa vibaya. Nilikula kipande kwa heshima. Kisha Kevin, ambaye sasa anakalia kiti changu na ameshakilegeza, akasimama na kusema, "Madam Wairimu atuandikie memories zake, something inspiring, tuweke kwa group." Mkapiga makofi kama watu waliotaka kurudi kwenye simu zao. Nikaitikia. Basi haya ndiyo mliyoyaomba. Kama mlitaka ya kutia moyo, mngemwomba mtu mwingine.

Sitawaambia nilipandishwa cheo lini. Cheo kilikuja, nikabadilishiwa mlango, na chai ikabaki ile ile ya maji.

Nilianza kazi katika hospitali moja ya Hurlingham ambayo sitaitaja jina, kwa sababu bado nataka wanitibu. Nilifika saa moja asubuhi nikiwa na diploma yangu ya lishe ndani ya bahasha ya kaki na viatu vipya vilivyonibana. Matroni aliisoma ile karatasi mbele na nyuma, akanirudishia. "Lishe," alisema. "Jikoni ni kule nyuma, pita kando ya tangi la maji." Huko jikoni mpishi mkuu alinipa aproni na sinia la maharagwe. Nikachambua maharagwe mpaka saa sita mchana nikidhani ni sehemu ya mafunzo. Hakuna aliyenisahihisha, kwa kuwa maharagwe yalikuwa yanachambuliwa vizuri.

Karibu mwaka mzima kazi yangu ilikuwa kuhakikisha mgonjwa wa kisukari hapewi chai yenye sukari, na kwamba asiyetakiwa kula chumvi analetewa mchuzi ambao hata paka angeukataa. Madaktari waliniita Mama Uji. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, sina mtoto, na sikuwa nimewahi kupika uji pale hospitalini hata siku moja. Ukimwambia daktari wa aina ile kwamba chakula pia ni matibabu, anakuangalia kama umemwambia kwamba pazia nalo ni matibabu.

Aliyenitoa jikoni ni Sister Truphosa, muuguzi mkuu wa ICU, chumba cha wagonjwa mahututi. Alikuwa mwanamke mfupi wa Vihiga aliyetembea kana kwamba sakafu imemkosea. Alisimama mlangoni pa jiko akauliza, "Nani hapa amesomea chakula? Si kupika. Kusoma." Mpishi akaninyooshea mwiko. Sister Truphosa akanichukua hivyo hivyo, na aproni yangu.

Alinipeleka hadi kwa mgonjwa aliyekuwa amelala wiki tatu, mashine inampumulia, uso umejaa na kung'aa. "Unamwonaje?" aliniuliza. Nikasema anaonekana ana afya, ukiondoa ugonjwa. Alicheka kicheko kimoja kikavu. Akautia mkono mfukoni akatoa utepe wa fundi cherehani, ule wa manjano, namba zake zikiwa zimefifia. "Huyo uso ni maji tu. Amevimba. Gusa hapa kando ya jicho, mfupa umetoka. Gusa bega. Sasa mpime mkono." Nikazungusha utepe katikati ya bega na kiwiko, na sikuamini nilichosoma. Mkono wa mwanamume mzima ulikuwa umebaki kama wa mtoto wa darasa la tano.

Hapo ndipo alinifundisha kitu ambacho chuo kilinifundisha kwa kurasa arobaini nisikielewe. Sepsis ni maambukizi yaliyoushinda mwili mahali pamoja, mpaka mwili mzima unageuka uwanja wa vita. Vita hivyo vinahitaji chakula, na kama hakiletwi, mwili unakula misuli yake wenyewe. Unaanza na mikono na mapaja, halafu unaingia kwenye misuli ya kupumua. Mtu anaweza kuponywa na dawa, homa ikashuka, vipimo vikawa safi, halafu akashindwa kutoka kwenye mashine kwa sababu hana tena kifua cha kuvutia hewa. Watu wa nyumbani wanaambiwa, tulijitahidi.

Nilipomaliza miezi mitatu ICU, Sister Truphosa alinipa ule utepe wake. Alinipa na sheria moja, na akanifanya niirudie mbele yake kama mtoto wa shule ya Jumapili. "Mtu aliyekaa njaa siku nyingi hapewi sahani," alisema. "Anapewa kijiko. Kesho vijiko viwili. Unasikia wewe? Mwili wake umefunga duka, wafanyakazi wamebaki wawili tu, nao ni wagonjwa. Ukimshushia lori la unga mlangoni, hao wawili watafia kwenye kupakua." Lugha ya kitabu ni kwamba chakula kikiingia kwa ghafla, madini yaliyobaki kwenye damu, fosfeti na potasiamu, yanakimbilia ndani ya seli, na moyo unabaki hauna cha kuupigisha. Lakini mimi niliikumbuka kwa lori la unga, na nyinyi pia mtaikumbuka hivyo.

Sasa niwaeleze kuhusu kilo sabini, kwa sababu nyinyi mmekuta vitanda vyenye mizani na mnadhani dunia ilianza hivyo.

Mgonjwa mahututi hawezi kusimama kwenye mizani. Kwa hiyo mtu akiingia ICU, kijana wa intern, daktari wa mafunzo, alimtazama kutoka miguuni mwa kitanda, akaandika kwenye ubao ulio juu ya kichwa chake: 70. Dawa zikapimwa kwa sabini, na maji na chakula pia. Kwa miaka yote niliyofanya kazi pale nilikuwa naishi katika mji wa ajabu ambao kila mtu ana kilo sabini. Bibi wa mtaa wa Jamhuri aliyeweza kubebwa kwa mkono mmoja alikuwa na sabini. Askari wa lango aliyeingia kitandani kwa kupinda magoti alikuwa na sabini. Wakati mmoja waliletwa mume na mke kutoka ajali moja, mume ni mara mbili ya mke, na wote wawili wakaandikwa sabini, labda kwa sababu Biblia inasema ni mwili mmoja. Baadaye kililetwa kitanda chenye mizani. Kikapigwa picha na wakubwa, kikafanya kazi mpaka mvua za masika, halafu kikawa mahali pa kutundikia makoti.

Mimi nilikuwa na daftari. Kila mgonjwa nilimpima mkono, nikawauliza watu wa nyumbani mara ya mwisho alipimwa lini na wapi, nikaandika. Nililidharau 70 la ubaoni kama mtu anavyoidharau saa iliyosimama. Kumbukeni jambo hilo tutakapofika mbele.

Jambo la pili lililonichosha ni maneno mawili, "asile kitu". Mgonjwa akipangiwa upasuaji, tumbo linatakiwa kuwa tupu, kwa hiyo chakula kinasimamishwa na maneno hayo yanaandikwa ubaoni. Ni sawa. Halafu upasuaji unaahirishwa kwa sababu daktari ana kesi nyingine, au damu haijapatikana, au stima imepotea. Kesho tena asile kitu. Kesho kutwa vile vile. Hakuna anayekumbuka kufuta. Na yule anayesahau kufuta anazunguka kwenye raundi akiwa na sambusa kwenye kitambaa cha karatasi. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na mwenye sambusa hata hamwoni.

Mwenye sambusa alikuwa Daktari Mureithi, bingwa wa upasuaji. Sitasema alikuwa daktari mbaya. Mikono yake ilikuwa mizuri kuliko yote niliyoona, na yeye ndiye aliyetuambia hivyo. Kila asubuhi nilimwambia, "Daktari, huyu ana siku ya nne hajala." Naye akasema, "Madam Uji, kwanza aishi, then atakula." Wale vijana wake wakacheka, kama wanavyolazimika. Mambo yalikuwa hivyo kwa miaka, yeye na sambusa yake, mimi na daftari langu, hata baada ya Sister Truphosa kustaafu na kurudi kwao kulima chai.

Sasa nifike kwa Peter Simiyu.

Aliletwa kwetu miaka minne kabla sijastaafu. Alikuwa fundi wa viti, mmoja wa wale wanaotengeneza samani kando ya Ngong Road karibu na Jamhuri, na alikaa Satellite, mitaa miwili kutoka kwangu, ingawa hatukuwa tumewahi kuonana. Kidole tumbo chake, apendiksi, kilikuwa kimepasuka. Alikuwa amevumilia maumivu zaidi ya wiki akinywa dawa ya tumbo ya duka la dawa na chai ya rangi tu, kwa sababu alikuwa na seti ya viti vya kumalizia mteja. Walipomfungua tumbo lilikuwa limejaa usaha, na sepsis ilikuwa imeshaanza. Akaletwa ICU na mashine ya kupumulia, mpira puani, na ubao juu ya kichwa. Intern akamtazama kutoka miguuni. Akaandika 70.

Nilimpima mkono siku hiyo hiyo. Ulikuwa mkono wa fundi, una kovu la msumeno na mishipa ya mtu wa randa, lakini nyama ilikuwa imeanza kuondoka. Mkewe, Nafula, ambaye watu walimwita Mama Faith, aliniambia kwamba siku kumi na mbili kabla walikuwa wamempima pale kwenye duka la dawa Satellite. "Ilisema fifty-eight, Sister," alisema. Aliniita Sister ingawa nilimweleza kwamba mimi si muuguzi. Nikaandika kwenye daftari: 58. Nikapigia mstari.

Upasuaji wa pili wa kusafisha tumbo ulipangwa siku iliyofuata. Asile kitu. Ukaahirishwa, ukapangwa tena, ukaahirishwa tena. Ulifanyika siku ya nne, na siku ya tano wakasema labda atarudi mara ya tatu, kwa hiyo asile kitu. Kila siku saa sita mchana, saa ya kuona wagonjwa, Nafula alikuja na chupa ya chai iliyojaa uji mwepesi wa wimbi, akasimama nayo kando ya kitanda, akarudi nayo Satellite ikiwa vile vile. Sikuwahi kuona mtu mwenye subira ya namna ile, na kusema kweli ilinikera. Nilitaka apige kelele ili nisipige peke yangu.

Siku ya saba nilipiga. Nilimsimamisha Daktari Mureithi mbele ya kitanda, mbele ya vijana wake wote na wauguzi wawili, nikamwambia huyu mtu hajala tangu aingie, wala wiki moja kabla ya hapo, na kwamba akifa tutaandika sepsis lakini tutakuwa tumemuua kwa njaa. Nilisema kwa sauti. Nilisema pia neno moja juu ya sambusa ambalo sitalirudia hapa.

Mureithi alifunga faili. Kisha akaweka kalamu mfukoni. "Haya, Madam. Umeshinda," alisema. "Hakuna theatre tena, mlishe. Tuambie rate, sasa hivi, tuendelee na raundi."

Watu saba walinitazama. Miaka ishirini na minane nilikuwa nasubiri daktari aniulize swali hilo, na aliponiuliza nikainua macho kama mjinga yeyote na kusoma ubao. Sabini. Kilo sabini, hesabu ya haraka ya kichwani, chakula kamili cha siku.

"Mililita sabini kwa saa," nilisema.

Nilisema kama jaji. Muuguzi akabonyeza namba kwenye pampu, daktari akainua nyusi na kupita kitanda kinachofuata, na mimi nikabaki nimesimama pale nimejaa furaha. Daftari lenye 58 lilikuwa kwenye mfuko wa kulia wa koti langu. Utepe wa Sister Truphosa ulikuwa kwenye mfuko wa kushoto. Kwa mtu aliyekaa wiki mbili bila chakula nilipaswa kuanza na kumi na tano, labda ishirini, na kupanda kidogo kidogo kwa siku kadhaa huku damu yake inapimwa madini. Nilijua hayo kama ninavyojua jina la mama yangu. Lakini kumi na tano ni namba ndogo, ni namba ya mtu mwoga, na mimi sikuwa nimepigana miaka yote ile ili niseme namba ndogo mbele ya Mureithi.

Saa sita Nafula akaja na chupa yake. Akaiona ile mifuko ya maziwa ya kahawia inaning'inia na pampu inazunguka.

"Sister, hiyo yote ni yake?"

"Yote, Mama Faith. Mwishowe anakula."

Hakufurahi kama nilivyotarajia. Alitazama pampu, akanitazama mimi. "Lakini si ni mingi? Amekaa siku mob bila kitu. Sisi kanisani tukifunga siku saba, siku ya kufungua hatupewi chakula. Tunapewa maji ya uji, vuguvugu, kikombe kidogo. Jioni kingine. Ugali ni siku ya tatu. Kuna brother mmoja hakungoja, alienda akala ugali na matumbo, akaanguka hapo kwa mlango wa kanisa. Pastor hukataza kabisa."

Mnajua nilimjibu nini? Nilimgusa bega, nikatabasamu kwa upole, ule upole tunaofundishwa kwenye semina za huduma kwa wateja, nikamwambia, "Mama, hii ni hospitali. Si mkesha." Muuguzi aliyekuwa karibu akacheka. Nami nikacheka. Mwanamke aliyekuwa ananiambia, neno kwa neno, sheria ya Sister Truphosa, tukamcheka, na yeye akaifunga vizuri chupa yake na kuishika mapajani mpaka saa ya wageni ikaisha.

Kesho yake potasiamu ilikuwa imeshuka. Wakamwongezea kwa dripu. Fosfeti haikupimwa, kwa sababu maabara yetu haikuipima bila kuombwa, na aliyepaswa kuiomba ni mimi. Nilishika ile fomu. Niliishika, nikaiweka chini. Kuiomba kungekuwa ni kusema kwamba labda nimekosea, na Mureithi angeiona fomu kwenye faili kabla ya jibu kurudi. Wala sikupunguza pampu, kwa sababu hiyo hiyo. Nafula alipokuja mchana nilijifanya nina kazi kitanda cha mwisho.

Siku ya tatu ya kulishwa, saa nne asubuhi, moyo wa Peter Simiyu ulipoteza mwendo. Waliushtua kwa umeme mara tatu, wakamkanda kifua kwa zamu, Daktari Mureithi mwenyewe akiwa ametupa koti chini. Walikaa naye karibu saa nzima. Nilisimama kando ya sinki. Walipoacha, pampu yangu ilikuwa bado inaendelea kuzunguka, sabini kwa saa, na hakuna aliyekuwa amekumbuka kuizima. Niliizima mimi.

Mureithi alinikuta kwenye korido. Hakuwa na sambusa. "Fosfeti yake ilikuwa ngapi?" aliuliza.

"Haikupimwa."

Alivua glavu zake. Alijua. Wakati wote ule nikimwona mjinga, yule mtu alikuwa anajua. "Ungeanza polepole," alisema.

"Na wewe ungeniruhusu siku ya pili."

Tukasogea ukutani. Mhudumu akapita na kigari cha mashuka. "Hata hivyo sepsis ilikuwa inamuua," Mureithi alisema, na huenda ni kweli, sitajua kamwe. Akaenda akaandika sepsis kwenye cheti. Kwa mara ya kwanza tangu tujuane, mimi na Daktari Mureithi tulikubaliana juu ya mgonjwa, na tulichokubaliana ni kunyamaza.

Walimzika kwao Bungoma. Wiki mbili baadaye Nafula alinijia pale hospitalini akiwa na kigoda cha mbao ya mvule, miguu mitatu, kimepigwa msasa mpaka kinateleza. Kilikuwa kitu cha mwisho Peter alichomaliza kabla ya kuugua. "Wewe peke yako ndiye ulimpigania ale," aliniambia. "Angalau hakuenda na njaa."

Nilikipokea. Nilisema asante. Nikakipeleka nyumbani, nikakiweka kona ya sebule na juu yake chungu cha maua ili mtu yeyote asikikalie.

Sasa ile kadi mliyoikuta imebandikwa kwenye kila pampu ya chakula, ile yenye maswali matatu, "Uzito umepimwa na nani? Amekaa siku ngapi bila kula? Fosfeti ni ngapi?", ambayo pampu haiwashwi mpaka ijibiwe na kutiwa sahihi. Najua mnaichukia. Najua Kevin ameupendekezea uongozi iondolewe kwa sababu inachelewesha kazi. Mnadhani ilitoka kwenye warsha, hoteli yenye viyoyozi na chai ya saa nne. Niliiandika mimi kwa mkono, jioni ya ile siku aliyokufa Peter, na nikaipigania mpaka Mureithi akaitia sahihi ya kwanza bila kuuliza kitu. Wagonjwa wengi wamelishwa polepole kwa sababu yake na wametoka kwa miguu yao. Nilijiambia kwamba hiyo inatosha. Nilidharau kila mtu kwenye jengo lile kwa miaka mingi, na nilipopata wa kumdharau kwa haki, yaani mimi mwenyewe, nikambandikia kadi na kuendelea na kazi. Nyani haoni kundule.

Mwezi wa kwanza wa kustaafu nilitoa chungu cha maua kwenye kigoda. Asubuhi moja nikakibeba kwapani mpaka Ngong Road. Nafula ndiye anaendesha ile karakana sasa. Nilimkuta na kanga kiunoni, vumbi la mbao hadi kwenye nyusi, anasugua mgongo wa kiti. Aliniambia karibu bila kuacha kusugua.

Nikamwambia yote, nimesimama. Ubao, daftari, namba niliyoitaja, fomu ambayo sikuijaza, na kicheko. Nilisema nimekuja kurudisha kigoda kwa sababu nilikipokea kwa uongo.

Aliacha kusugua. Alikunja karatasi ya msasa mara mbili, taratibu.

"Nilijua kitu kilienda vibaya," alisema. "Hayo mambo ya madini sijui. Lakini siku ya pili hukuniangalia kwa macho. Ulijificha huko kwa kitanda ya mwisho. Si nilikuona?"

"Sasa kwa nini ulinipa kigoda?"

"Kwa sababu wewe pekee ulimshika mkono. Hao wengine walikuwa wanaongea na ubao." Kisha sauti yake ikabadilika. "Lakini miaka minne, Sister. Miaka minne unaishi hapo Satellite, tunapitana kwa soko, unanisalimia 'Mama Faith habari ya watoto'. Kigoda unarudisha, na hiyo miaka utanirudishia na nini?"

Nilikikumbatia kigoda. Nililia, na sikulia kwa adabu. Mafundi wa karakana ya pili wakageuka, wakageukia tena mbao zao.

"Kwa karatasi zenu aliandikwa kilo ngapi?" aliuliza.

"Sabini."

Alicheka. Alicheka kweli, mkono mdomoni, machozi yakipita kwenye vumbi. "Peter? Sabini? Peter hakuwahi kufika sabini hata siku ya harusi, na alikuwa amevaa suti ya kukodi na sweta mbili chini yake ajaze!"

Nikamnyooshea kigoda. Akakisukuma kurudi. "Hicho si chako kurudisha. Kikalie." Nikakikalia, kwa mara ya kwanza. Akaendelea kusugua kiti chake. Baada ya muda akauliza kama wale wa hospitali nimewaambia. Nikasema bado.

"Basi mimi nifanye nini na hii habari? Mimi nilishazika. Waambie wao, hao wanabonyeza mashine. Na usiwaambie 'mgonjwa fulani'. Ana jina. Na hizo kilo, Sister, wachana na za ubao. Andika zake."

Kevin, kadi ibaki. Kuhusu keki sina kinyongo.

Peter Simiyu, fundi wa viti, Satellite. Kilo hamsini na nane.